Maji ya Zimamoto na Vumbi la Meru

Kuna madai niliyoyasikia Arusha zaidi ya mara moja: kwamba mwaka 2020 miji yetu ingeoshwa kwa maji ya klorini, korona isingekaa, na kwamba gari la faya lilikuwa silaha tuliyoiacha imeegeshwa. Wanaosema hivyo wana nia njema. Lakini nayakataa, na nayakataa kwa ajili ya hao hao askari wa zimamoto, kwa sababu yanaificha kazi yao halisi.

Yaliyotangulia yanajulikana. Machi 16, 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alimtangaza mgonjwa wa kwanza nchini: Mtanzania wa miaka 46 aliyetua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA) siku moja kabla akitokea Ubelgiji, akapimwa uwanjani akaonekana hana homa, kisha akajisikia vibaya na kwenda Hospitali ya Mount Meru, hapa Arusha. Shule zikafungwa, ndege zikasimama, watalii wakatoweka mjini.

Mwezi uliofuata Dar es Salaam ikaanza kupuliza dawa kwenye maeneo ya umma. Aprili 22, akiwa Chato, Rais Magufuli aliukosoa upulizaji huo, akasema klorini ya namna ile haiui kirusi. Katika hotuba hiyo hiyo akahimiza watu wajifukize. Mengi aliyoyasema juu ya korona siyakubali, na kujifukiza hakukuwa tiba. Lakini juu ya mitaa alikuwa sahihi, na haki yake apewe.

Waraka wa kuthibitisha hilo upo, na waandishi wetu wa historia ya janga hawaugusi. Mei 15, 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa usafishaji wa mazingira wakati wa korona. Unasema wazi: kupuliza dawa barabarani na sokoni hakupendekezwi, na kumpulizia binadamu hakufai kwa hali yoyote. Klorini hupoteza nguvu inapokutana na uchafu, na haibaki juu ya kitu kwa muda wa kutosha kumuua kirusi. Hapo mtu wa Arusha hahitaji maabara. Asimame Soko la Kilombero siku ya gulio, aangalie maganda ya ndizi, matope, majani ya kabichi na vumbi jeusi la Mlima Meru linalopanda mpaka magotini. Boza zima likimwagwa pale, dawa itaishia kupigana na maganda. Kinachobaki ni macho kuwasha na kifua kubana, na anayeumia kwanza ni mama aliyeketi na fungu lake la nyanya.

Mwongozo unataka uso wa kitu usafishwe kwanza kwa sabuni na maji, kisha ufutwe kwa kitambaa chenye klorini ya asilimia 0.1. Kazi ya mikono, ya polepole, isiyopigwa picha.

Na kishawishi cha kutaka kuonekana ni cha zamani. Mwaka 1902 tauni ilipozuka Nairobi, wakoloni waliiteketeza kwa moto bazaa ya Wahindi. Wapo wanaoeleza tukio hilo kama mwanzo wa usafi wa mji. Siwezi kuwavumilia. Tauni hubebwa na viroboto wa panya, na panya anajua kukimbia moto. Asiyekuwa na pa kukimbilia ni mwenye duka.

Basi zimamoto ana kazi gani katika janga? Tanzania ilivitoa vikosi vya moto mikononi mwa halmashauri na kuviunganisha kuwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa sheria ya mwaka 2007, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Neno la kushika ni uokoaji. Uingereza, Machi 26, 2020, chama cha wazimamoto, wakuu wao na waajiri walikubaliana askari waendeshe magari ya wagonjwa, wapeleke chakula na dawa kwa waliojifungia, na wabebe maiti. Hakuna mahali pa kupuliza mitaa.

Kwetu janga lilikuta jeshi limetikiswa. Januari 2020 uongozi wake wa juu ulibadilishwa kutokana na mkataba wa vifaa wa zaidi ya euro milioni 408, na Kamishna Jenerali mpya, John Masunga, alikuwa na wiki chache tu kitini. Huku chini namba ya dharura ya zimamoto, 114, iliendelea kuita. Anayemchomoa majeruhi kwenye gari lililopinduka barabara ya Moshi hana mita moja ya kujitenga. Anapumua pumzi ya yule anayemwokoa.

Hata mlimani ilikuwa hivyo. Oktoba 11, 2020, miezi minne baada ya Rais kutangaza kwamba korona imekwisha, moto ulizuka Whona, kwenye njia ya Marangu, ukateketeza kilomita za mraba zipatazo 95 za Kilimanjaro. Watumishi wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Mweka na mamia ya wananchi walipanda kuuzima, bega kwa bega katika moshi ule, kwa zana za mkono.