Asili ya Neno Meiosisi

Mwaka 1883 Edouard van Beneden wa Ubelgiji, akichungua mnyoo wa farasi kwa hadubini, aliona kuwa yai na mbegu ya kiume huleta kromosomu mbili kila moja, zikawa nne zikiungana. Mwaka 1887 August Weismann, Mjerumani, alitoa hoja kwamba pasipo kupunguzwa, hesabu ingerudufika kila kizazi. Naam, seli hunakili kromosomu mara moja, kisha hugawanyika mara mbili: 46 za mwanadamu huwa 23. Mwaka 1905 Farmer na Moore waliliita jambo hilo kwa neno la Kiyunani lenye maana ya kupungua. Basi atakayelitafutia neno la Kiswahili asiridhike na "mgawanyiko". Seli nyingine hugawanyika pasipo kupungua hesabu.