Darasa Lisilo na Kuta: Safari ya Istilahi za Kufundisha kwa Mbali

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya maneno tuliyoyatumia nchini Tanzania kutajia mafunzo ambayo mwalimu na mwanafunzi hawaonani, kisha kupendekeza jina la darasa linaloendeshwa kwa programu ya kompyuta kupitia intaneti.

Neno darasa lina asili ya Kiarabu. Katika miji ya pwani lilitaja, na hata leo hutaja, mkusanyiko wa wanafunzi waliomzunguka shehe msikitini au barazani. Maana ya chumba ilipata nguvu shule za misheni na za serikali zilipoenea, kama kule Masasi, ambako wamisioni wa Kianglikana walianza kazi mwaka 1876. Ni dhahiri, basi, kwamba darasa liliweza kuwapo kabla ya kuta zake.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi nchini kote. Walisikiliza redio, wakasoma vijitabu na kujadiliana. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Katika miaka hiyohiyo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilitoa masomo kwa njia ya posta. Baadaye Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, kilizoesha watu istilahi elimu masafa, na mafunzo ya kukutana yakaitwa ya ana kwa ana. Majina hayo yote humweleza msikiaji njia ya somo au umbali wake.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, hadi zilipofunguliwa zote mwishoni mwa Juni, haja ya istilahi ilizidi. Wengine walisema darasa pepe, kwa kufuata barua pepe. Hapa pana hatari. Kwa mkulima wa mpunga, pepe ni punje isiyo na kitu ndani. Barua pepe imekwisha kuzoeleka na haina haja ya kuguswa. Lakini darasa pepe laweza kufahamika kuwa darasa tupu, lisilo na mafunzo.

Tunapendekeza darasa la mtandaoni, kwa kuwa linafuata desturi ile ya kutaja njia. Tena, mwalimu anayeanza hana haja ya msamiati mgeni mwingi. Mahudhurio, ubao na kunyoosha mkono ni maneno ya darasani tangu zamani, nayo yanafaa kwa vitendo hivyohivyo katika programu. Yanayobaki ni machache: kiungo cha kuingilia, nenosiri, na kuwasha au kuzima kipaza sauti.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Nanganga, pale barabara ya Ruangwa inapoungana na ile ya Lindi na Masasi. Akipokea waraka unaomtaka aendeshe darasa pepe, hana budi kutafuta mtu wa kumfasiria kabla hajafundisha. Waraka ukitaja darasa la mtandaoni, kiungo na saa ya kuanza, ataweza kujiandaa mwenyewe. Mfasiri na mwandishi wa nyaraka za serikali wapimie hapo kila istilahi kabla ya kuipeleka kwa wananchi.