Arusha: Mji Uliojengwa kwa Ajili ya Wapitao

Juzi mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kwa nini mtu anayetembea kwa miguu mjini Arusha hujiona kama mvamizi. Nilimwambia asianze na wahandisi wa leo, aanze na mwaka 1896.

Mwaka huo wamisionari wawili wa Kilutheri, Ovir na Segebrock, waliuawa Meru. Wajerumani walilipiza kisasi kwa kuchoma nyumba, kukata migomba na kuteka ng'ombe. Kisha, mwaka 1899 na 1900, Waarusha na Wameru walioshindwa wakashurutishwa kujenga Boma, jengo ambalo leo ni makumbusho. Ngome ilitangulia, mji ukafuata.

Kabla ya hapo, njia za watu hawa zilikuwa za kupanda na kushuka: kutoka migombani mlimani hadi malishoni tambarare. Mashamba ya walowezi yalipotandazwa chini ya Mlima Meru kama mkanda, njia hizo zilizibwa. Barabara ya mkoloni nayo haikufuata mlima. Iliukatia chini, kutoka Moshi kuelekea magharibi. Reli iliyofika Arusha mwaka 1929 ilishika mwelekeo huohuo, ikasafirisha kahawa na mkonge hadi bandari ya Tanga. Mazao yalipata njia. Mkulima wa Poli au Akheri alibaki na kichwa chake na mabega yake.

Ndugu msomaji, ningependa kuandika kwamba Uhuru uliugeuza mpango huo. Mwaka 1967 Arusha ikawa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 1971 ukafunguliwa uwanja wa ndege wa KIA, kilomita hamsini hivi kutoka mjini, mahali panapomfaa mtalii kuliko mkazi wa Ngarenaro. Treni ya abiria, usafiri wa mnyonge, iliachwa ikanyamaza kwa miongo mitatu hivi, mpaka iliporejea mwaka 2020. Pengo hilo likazibwa na mabasi, vifodi na baadaye bodaboda, yaani wananchi walijisafirisha wenyewe.

Siipingi barabara ya njia nne ya Sakina–Tengeru. Mimi mwenyewe huipita kila siku ya kazi, nimeketi dirishani, na imenipunguzia foleni. Barabara ya mchepuo nayo imeyaondoa malori mengi katikati ya mji, jambo jema. Lakini zote mbili zinapima mafanikio kwa mwendo wa anayepita, na zinakwenda kulekule ilikokwenda reli: mashariki na magharibi. Anayeshuka mlimani bado anazikuta mbele yake kama ukuta.

Jumamosi iliyopita, siku ya gulio la Tengeru, nilimwona mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani akisubiri kuvuka. Yalipita magari kumi na manane. Akavuka nusu, akasimama katikati ya barabara, akaanza kusubiri upya.