Kalausi, nyota ya Kenya iliyosajiliwa sayari hewa

OKTOBA 6, 2025, ilitimia miaka 30 tangu wanafalaki wawili wa Chuo Kikuu cha Geneva, Michel Mayor na Didier Queloz, walipotangaza mjini Florence, Italia, kwamba nyota iitwayo 51 Pegasi ina sayari. Miaka mitatu nyuma, mwaka 1992, sayari zilikuwa zimegunduliwa zikizunguka masalio ya nyota iliyokufa. Hii ya 1995 ilikuwa inazunguka nyota hai, inayofanana na jua letu, na tangu siku hiyo mlango haujafungwa tena. Septemba 2025 shirika la NASA la Marekani lilisema sayari zilizothibitishwa nje ya mfumo wa jua letu zimefika 6,000.

Kumbukumbu hiyo inatuhusu Wakenya kuliko tunavyodhani, kwa kuwa nyota mbili zenye sayari zina majina yaliyotoka kwetu. Lakini ingia mtaa wa Majengo wa Embu ama Majengo wa Meru wakati watu wanatoka msikitini baada ya ishaa, uulize Kalausi yuko wapi. Huenda ukaulizwa unamdai pesa ngapi.

Kalausi ni nyota ambayo katika daftari za wataalamu imeandikwa HD 83443. Imo katika kundi la Vela, yaani matanga ya merikebu, upande wa kusini wa anga. Haina joto kali kama la jua, na mwanga wake huchukua miaka 130 na ushei kutufikia. Mwanga utakaoangukia Mlima Kenya usiku wa leo uliondoka huko kabla reli haijafika Nairobi mwaka 1899, na kabla wakoloni hawajafungua kituo chao Embu mwaka 1906, sembuse mtu kujenga Majengo.

Kwa macho matupu huioni. Darubini ya kawaida ya mkononi inatosha, mradi uende mbali na taa za mulika mwizi. Msimu wake ni Machi na Aprili, kati ya saa mbili na saa nne usiku. Utazame kusini, nusu ya njia hivi kutoka upeo wa macho hadi utosini, ikiwa masika yatakuachia nafasi. Hiyo ni neema ya kukaa karibu na ikweta. Mtu asiyetoka London haoni Kalausi hadi anazikwa. Geneva kwenyewe inagusa tu ukingo wa upeo, kwa hivyo Waswisi waliifuata Chile, kwenye kilima cha La Silla, walikosimika darubini yao iitwayo Euler, yenye kioo cha upana wa mita 1.2.

Huko ndiko kisa chenyewe kilikoanzia.

Sayari ya namna hii haionekani. Kinachopimwa ni nyota. Sayari inapoizunguka huivuta huku na huku, na mwanga wa nyota hubadilika kidogo mno kadiri inavyotujia au kutupa mgongo. Mwaka 2000 kundi la Mayor liliona spidi ya HD 83443 ikipanda na kushuka kwa takriban mita 56 kwa sekunde, sawa na kilomita 200 kwa saa, na mzunguko ukikamilika kila siku tatu kasoro dakika 20 hivi. Maana yake kulikuwa na sayari yenye uzito unaozidi ule wa Zohali, iliyojibana kilomita milioni sita tu kutoka kwenye nyota yake. Dunia yetu iko kilomita milioni 150 kutoka kwenye jua. Kuhusu hiyo hakuna aliyebisha.

Ubishi ulizuka Agosti mwaka huo, katika mkutano mkuu wa Umoja wa Kimataifa wa Falaki, IAU, mjini Manchester, Uingereza. Watu wa Geneva walisema wamepata ya pili. Hii, walisema, ni nyepesi zaidi, nayo inamaliza mzunguko kwa siku 29.8. Hesabu hiyo iliwasisimua wengi, kwa sababu ya ndani ingezunguka mara kumi kila ya nje inapozunguka mara moja. Uwiano safi namna hiyo ni chambo kwa watu wa nadharia. Haukupita muda Yanqin Wu na Peter Goldreich, huyu wa pili akiwa bingwa wa mwendo wa sayari anayeheshimika duniani, wakaandika makala nzima wakieleza jinsi sayari hizo mbili zilivyovutana na kufikishana hapo.

Aliyetia mchanga kitumbua ni Paul Butler, pamoja na mwenzake wa siku nyingi Geoffrey Marcy na kundi la Wamarekani, Waingereza na Waaustralia. Ripoti yao ya mwaka 2002 katika jarida la Astrophysical Journal ndiyo inayosimulia ugomvi huu kwa uwazi zaidi, na ndiyo niliyoiegemea hapa. Marcy na Butler walikuwa na sababu zao za kutazama kwa makini kila kilichotoka Geneva. Wao walianza kutafuta sayari tangu miaka ya 1980, wakapitwa mwaka 1995 na watu waliokuja nyuma yao. Waliposikia habari za Florence walikwenda kupima 51 Pegasi wenyewe, na siku chache baadaye wakasema ni kweli, Waswisi wameshinda. Safari hii walipima tena, ila jibu likawa jingine.

Walitumia darubini mbili kubwa kuliko ile ya Chile: Keck ya Hawaii, yenye kioo cha mita 10, na ile ya Siding Spring, Australia, yenye mita 3.9. Sayari ya kwanza ilijitokeza bila shida, vipimo vikilingana na vya Geneva karibu kabisa. Ya pili ilitakiwa kuitikisa nyota kwa mita 13.8 kwa sekunde, mwendo wa matatu inayopita mjini. Vifaa vya kina Butler vilikuwa na uwezo wa kunasa hata mita tatu, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Hawakuona chochote.

Kwa lugha ya ofisi zetu za umma, ilikuwa sayari hewa: jina limo kwenye orodha, watu wanaihangaikia, ila mwenyewe hajawahi kuonekana kazini. Mwaka 2004 kundi la Geneva lilipochapisha orodha yake mpya, HD 83443 ilikuwa na sayari moja tu. Makala ya Wu na Goldreich ikabaki maktabani, hesabu zake nzuri zikieleza sayari isiyokuwapo.

Hakuna aliyefukuzwa kazi wala kupelekwa mbele ya kamati. Mayor na Queloz walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2019, wakigawana nusu yake, na walistahili. Lakini kosa lile lilitufaa sisi. Mwaka huohuo wa 2019 IAU, katika kuadhimisha karne moja ya kuundwa kwake, ilitoa nafasi kwa kila nchi kuipa jina nyota moja yenye sayari moja inayojulikana. Kama sayari hewa ingebaki kwenye orodha, HD 83443 isingefaa kugawiwa mtu.

Ikaangukia Kenya. Desemba 17, 2019, mjini Paris, majina kutoka nchi 112 yalitangazwa baada ya zoezi lililoshirikisha zaidi ya watu 780,000 duniani. Nyota ikawa Kalausi, kisulisuli cha nguvu kwa Kijaluo, na sayari yake Buru, vumbi. Jirani zetu Watanzania nao waliipa WASP-71 jina la Mpingo na sayari yake Tanzanite. Ethiopia ikachagua Buna, kahawa.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza jina la Kenya kupanda juu. Setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Desemba 12, 1970. Kwa kuwa ilikuwa Sikukuu ya Jamhuri, ikaitwa Uhuru.

Katika shindano la pili, la 2022, mifumo 20 pekee iligombewa na maombi 603 kutoka nchi 91, na Kenya ikapata tena. Juni 2023 nyota nyekundu GJ 1214, iliyo umbali wa miaka-nuru 48, iliitwa Orkaria, kwa jina la Kimaasai la udongo mwekundu. Sayari yake, ambayo wengi wameihisi kuwa na maji mengi, ikawa Enaiposha, maji makubwa. Darubini ya angani ya James Webb imeikuta imefunikwa na ukungu mzito.

Wajaluo wamepata, Wamaasai wamepata. Wameru na Waembu, wanaolala chini ya mlima uliolipa taifa jina, bado. Shindano jingine likija, wazee na walimu wa Majengo wasisubiri kusimuliwa matokeo.

Ila jina lisitulevye. Vipimo vya Kalausi katika ugomvi ule vilitoka Chile, Hawaii na Australia. Orkaria ilinaswa mwaka 2009 na darubini ndogo za mita 0.4 huko Arizona, ambazo hazihitaji bajeti ya taifa tajiri. Sisi tuliitwa kukipa jina kile ambacho wengine walikipima, wakakigombania na kukihakiki. Ugomvi wa 2000 haukuamuliwa na mwenye jina zuri. Uliamuliwa na aliyekuwa na kioo cha kutazama mara ya pili.

Mipango ya darubini ya utafiti kwenye nyanda za kaskazini mwa nchi imekuwa ikizungumzwa kwa miaka. Iendelee kuzungumzwa, hakuna ubaya. Wakati huo, kaunti za Meru na Embu zingeweza kununua darubini ya kufundishia kwa shule za umma, watoto wa Majengo wakaoneshwa Kalausi kwa macho yao kila Machi. Bei yake haifiki hata robo ya bei ya gari la mheshimiwa mmoja.