Bwana Bouabré na Herufi za Wabete

Wekeni daftari zenu tayari. Somo la leo ni habari za mtu aliyeitengenezea lugha yake herufi.

Jina lake ni Frédéric Bruly Bouabré. Alizaliwa kiasi cha mwaka 1923 katika nchi ya Ivory Coast, Afrika ya Magharibi. Kabila lake ni Wabete. Siku zile Wafaransa ndio waliotawala huko. Bouabré alisomeshwa Kifaransa, kisha akawa karani wa serikali. Lakini Kibete, lugha ya mama yake, hakikuwa na herufi zake. Hadithi na desturi za Wabete zilikaa vichwani mwa wazee. Nanyi mnajua: mzee akifa kabla ya kusimulia, huzikwa pamoja na habari zake.

Tarehe 11 Machi, 1948, alipokuwa Dakar, mji wa Senegal, Bouabré alisema ameona maono mbinguni. Tangu hapo akajiita Cheik Nadro, maana yake "asiyesahau."

Alifanyaje ili asisahau? Sikilizeni vizuri, maana jambo hili mmekwisha kulionja darasani. Ninyi mlianza na ba, be, bi, bo, bu. Yeye alitafuta maneno ya Kibete yenye silabi moja tu. Akipata neno, alichora kitu chenye jina hilo, na picha ile ikawa alama ya silabi ile. Neno refu liliandikwa kwa kupanga picha mbili au zaidi. Alama zake zilipita 400. Mwaka 1958 mtaalamu Mfaransa, Théodore Monod, aliandika habari zake, zikapigwa chapa.

Baadaye Bouabré alichora kwa penseli za rangi juu ya vipande vidogo vya kadibodi. Katikati aliweka picha, na pembeni pande zote akaandika maelezo yake. Alichora hadithi za kwao, na hata chale za usoni. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris. Alifariki Abidjan mwaka 2014.

Je, herufi zake zilienea mashuleni? La, hazikuenea. Basi alijisumbua bure? Hata kidogo. Mambo aliyoyachora na kuyaandika hayakuzikwa naye. Mwaka 2022 watu wa New York waliyatazama katika jumba la makumbusho.

Ndugu msomaji, Bouabré alilazimika kutengeneza herufi kwanza, ndipo aandike. Wewe herufi unazo tayari. Usizitumie kwa barua na hesabu za duka tu.

Kazi ya nyumbani:
1. Kwa nini Bouabré alijiita "asiyesahau"?
2. Alipataje alama ya kila silabi?
3. Mwulize mzee mmoja maana ya jina la kijiji chenu. Andika jibu lake kwa mistari mitano, ulilete darasani.

Kwaherini.