Kujiuzulu Si Hukumu: Dodoma na Kesi za Vigogo wa Zabuni

Bwawa la Mtera liko mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, kwenye Mto Ruaha Mkuu. Likijaa, mtu wa Dar es Salaam huwasha taa bila kujiuliza umeme umetoka wapi. Mwishoni mwa mwaka 2005 na mwanzoni mwa 2006 mvua zilikataa. Ugogo, nchi iliyozoea ukame tangu enzi za mababu, iliuona katika mashamba ya mtama. Sehemu nyingine za nchi ziliuona kwa njia ya giza. Maji ya Mtera yalishuka mno, mgawo wa umeme ukaanza, viwanda vikasimama, na hospitali zikategemea jenereta.

Katika dhiki hiyo Serikali iliamua kukodi mitambo ya dharura ya kuzalisha megawati 100 kwa gesi. Tarehe 23 Juni 2006 TANESCO ilitia saini mkataba na kampuni iitwayo Richmond Development, iliyojitambulisha kuwa ya Houston, Marekani. TANESCO ilitakiwa kulipa takriban shilingi milioni 152 kila siku kwa ajili ya mitambo hiyo, umeme uzalishwe usizalishwe. Mitambo haikufika kwa wakati. Kabla mwaka haujaisha, mkataba ulihamishiwa kampuni nyingine, Dowans, na wakati huo mvua zilikuwa zimeanza kurudi.

Makala haya yanahusu yaliyofuata. Yanauliza swali moja ambalo Mkristo hawezi kulikwepa: kiongozi mkubwa anapotuhumiwa kwamba zabuni ya umma imechezewa mikononi mwake, haki inadai nini? Inatosha aondoke?

Siku mbili za Februari

Novemba 2007 Bunge liliunda Kamati Teule ya wabunge watano chini ya uenyekiti wa Dk. Harrison Mwakyembe. TAKUKURU ilikuwa imekwisha kuuchunguza mkataba ule na kusema haikuona rushwa. Kamati iliona vingine. Tarehe 6 Februari 2008, mjini Dodoma, mbele ya Spika Samuel Sitta, Mwakyembe aliisoma taarifa yake. Kwa mujibu wa Kamati, Richmond haikuwa na fedha, uzoefu wala mitambo. Taratibu za ununuzi zilipindwa ili ipate kazi. Na shinikizo lilitoka juu. Jina la Waziri Mkuu, Edward Lowassa, lilitajwa.

Kesho yake Lowassa alisimama bungeni akatangaza kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu. Alilalamika kwamba Kamati haikumwita kumhoji, na kwa hiyo hakutendewa haki. Mawaziri wawili, Nazir Karamagi na Dk. Ibrahim Msabaha, nao wakajiuzulu. Rais Jakaya Kikwete alilivunja Baraza la Mawaziri, na baada ya siku chache Mizengo Pinda aliapishwa kuwa Waziri Mkuu. Nchi ilikuwa haijawahi kuona jambo kama hilo. Watu wengi walimshukuru Mungu, wakasema Bunge limepata meno.

Lakini tuangalie kilichofuata. Waziri Mkuu yule na mawaziri wale hawakufikishwa mahakamani kwa mkataba huo. Hakuna hakimu aliyesema wana hatia, na hakuna aliyesema hawana. Lowassa aliendelea kukanusha. Mwaka 2015 aligombea urais kupitia upinzani, akapata kura zaidi ya milioni sita; waliomwita fisadi miaka saba walimpokea, na waliomtetea wakaanza kumwita fisadi. Alifariki Februari 2024, na jambo lile likiwa bado linazungumzwa kwa mtindo wa lisemwalo lipo. Na mwaka 2010 mahakama ya usuluhishi ya kimataifa iliamuru TANESCO iilipe Dowans takriban shilingi bilioni 94. Hasara ilibaki kwa mlipa ankara ya umeme.

Swali la Nikodemo

Injili ya Yohana, sura ya 7, inasimulia wakuu wa Wayahudi walipokuwa tayari kumhukumu Yesu akiwa hayupo. Nikodemo aliwakumbusha jambo jepesi: sheria yao haimhukumu mtu kabla ya kumsikiliza na kujua alilotenda. Walimdhihaki, wakamuuliza kama yeye naye ni Mgalilaya. Torati ilikuwa imekwisha kuweka msingi huo katika Kumbukumbu la Torati 19: mashahidi wawili au watatu, waamuzi wachunguze kwa bidii, na shahidi wa uongo apate adhabu aliyomtakia mwenzake.

Mara nyingi tunaisoma misingi hii kama kinga ya mnyonge. Ni kweli, lakini humlinda na mkubwa. Waziri aliyetajwa katika taarifa ya Bunge ana haki ya kuuliza maswali, kuleta mashahidi, na kusikia uamuzi wa mtu asiyehitaji kura. Mwananchi naye ana haki ya kujua nani alitoa agizo, kwa nani, na fedha zikaenda wapi. Kujiuzulu hakumpi yeyote kati yao haki hiyo. Mwenye hatia huondoka na pensheni yake, asiye na hatia huondoka na doa lake, na umma hubaki na minong'ono.

Ndiyo maana inafaa kuzitazama kesi chache ambazo kweli zilifika mahakamani.

Kisutu

Novemba 2008, miezi tisa baada ya tukio la Dodoma, mawaziri wa zamani Basil Mramba wa Fedha na Daniel Yona wa Nishati na Madini walipandishwa kizimbani katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Baadaye aliunganishwa nao Gray Mgonja, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Hazina. Kesi ilihusu kampuni ya Alex Stewart, iliyokodiwa mwaka 2003 kukagua uzalishaji wa dhahabu. Mashtaka yalikuwa matumizi mabaya ya madaraka na kuisababishia Serikali hasara ya shilingi bilioni 11.7 kupitia misamaha ya kodi.

Kesi ilichukua karibu miaka saba. Tarehe 6 Julai 2015 Mgonja aliachiwa huru. Mramba na Yona walihukumiwa miaka mitatu jela. Mahakama Kuu ikaipunguza kuwa miwili. Mapema mwaka 2016 kifungo kilichobaki kiligeuzwa kuwa huduma kwa jamii, na wazee hao wawili wakapangiwa usafi katika hospitali ya Sinza Palestina. Mtu aliyewahi kusoma bajeti ya taifa bungeni alishika ufagio wa hospitali.

Wengine waliona ni adhabu ndogo, wengine wakaona ni kudhalilisha wazee. Vyovyote iwavyo, jambo moja halikuwa tena minong'ono. Ushahidi ulisikilizwa, utetezi ukasikilizwa, hukumu ikaandikwa, rufaa ikakatwa. Mjukuu wa mshtakiwa anaweza kuisoma, na mjukuu wa mlipa kodi vilevile.

Kesi nyingine ilikwenda upande wa pili. Balozi Costa Mahalu alishtakiwa mwaka 2007 kuhusu ununuzi wa jengo la ubalozi mjini Roma. Mei 2012 Rais mstaafu Benjamin Mkapa alikwenda mwenyewe Kisutu kumtolea ushahidi wa utetezi. Agosti mwaka huohuo Mahalu aliachiwa huru. Mashtaka yalimtesa miaka mitano, lakini alitoka mahakamani na kitu ambacho waliojiuzulu Dodoma hawakukipata kamwe: tamko la sheria kwamba hakuthibitika kuwa na hatia.

Kwa nini basi kesi za namna hii ni chache? Wizi wa zabuni hauachi alama kama wizi wa ng'ombe. Huandikwa katika mihtasari ya vikao na kupigwa muhuri. Mkubwa hupiga simu. Bodi ya zabuni ndiyo inayotia saini. Anayeshtakiwa kwa urahisi ni ofisa ugavi, na shahidi anayehitajika ni mtumishi wa chini ambaye mshahara wake uko mikononi mwa mshtakiwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ilijaribu kuziba pengo hilo: katika kosa la matumizi mabaya ya madaraka si lazima ionekane bahasha, inatosha kuthibitisha kwamba ofisa alivunja sheria kwa makusudi ili yeye au mwingine apate manufaa asiyostahili. Lakini kwa sehemu kubwa ya makosa yake ni lazima Mkurugenzi wa Mashtaka atoe kibali kwanza. Mwaka 2016 ikaanzishwa divisheni ya Mahakama Kuu ya makosa ya rushwa na uhujumu uchumi, ambayo wananchi waliiita mahakama ya mafisadi. Vyombo vipo. Kinachokosekana mara nyingi ni shahidi mwenye ujasiri, na huyo hufundishwa nyumbani na kanisani kabla hajaajiriwa.

Madawati ya rada

Zakayo aliposhuka mkuyuni hakusema kwamba anajiuzulu utoza ushuru. Kwa mujibu wa Luka 19, aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Toba yake ilikuwa na tarakimu.

Katika historia yetu ya zabuni, tarakimu kama hizo ni adimu. Mfano mkubwa ulitoka nje. Serikali ilinunua rada ya kuongozea ndege kutoka kampuni ya Uingereza, BAE Systems, kwa takriban pauni milioni 28, bei iliyolalamikiwa hata ndani ya Serikali ya Uingereza yenyewe. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani London kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu zake, ikatozwa faini, na ikakubali kulipa fidia kwa manufaa ya Watanzania. Mwaka 2012 zililipwa pauni milioni 29.5, zikatumika kununua vitabu na madawati ya shule za msingi. Mtoto aliyekuwa akikaa sakafuni alipata mahali pa kukaa, na huko ndiko kurudisha kunakoonekana. Hata hivyo, kampuni ililipa bila mahakama yoyote ya kwetu kumtia hatiani kigogo yeyote kwa ununuzi huo. Tulipata urejeshaji bila hukumu, kama vile Richmond ilivyotupa kujiuzulu bila hukumu.

Hesabu ya Musa

Kanisa haliwezi kuyasema haya likiwa limesimama mbali. Novemba 2014, bungeni Dodoma, ilijadiliwa taarifa ya akaunti ya Tegeta Escrow, sakata lililotokana na mkataba mwingine wa umeme. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu, na mawaziri wawili wakapoteza nafasi zao. Lakini miongoni mwa majina ya waliopokea fedha kutoka kwa mfanyabiashara aliyehusika, yalisomwa pia majina ya viongozi wa kanisa. Kupokea sadaka si kosa la jinai, na hakuna anayepaswa kuhukumiwa kwa kutajwa tu. Hilo ndilo tulilojifunza kwa Nikodemo. Ila waumini waliuliza swali la haki: mtumishi wa Mungu anapopewa mamilioni, huuliza yametoka wapi?

Kutoka 38 ni sura ambayo wahubiri wengi huiruka. Hema la kukutania limekwisha kujengwa, na Musa anaagiza hesabu itolewe, chini ya mkono wa Ithamari kuhani. Dhahabu: talanta 29 na shekeli 730. Fedha: talanta 100 na shekeli 1,775, nusu shekeli kwa kila mmoja wa wanaume 603,550. Kisha inaelezwa talanta zile 100 zilitengeneza vitako vingapi, na zile shekeli 1,775 zilitengeneza nini. Hakuna shekeli iliyobaki bila maelezo. Hakuna aliyekuwa amemshtaki Musa. Alitoa hesabu kwa sababu mali haikuwa yake. Mtume Paulo alifanya vivyo hivyo na changizo la Wakorintho: hakulibeba peke yake, alitaka wenzake waende nalo ili pasiwe na wa kulaumu.

Tangu mwaka 2023 zabuni za umma zinapita katika mfumo wa kielektroniki uitwao NeST, chini ya sheria mpya ya ununuzi ya mwaka huohuo. Ni Ithamari wa siku hizi. Lakini mfumo huandika kile ambacho mtu ameingiza, na mtu huyo huenda alikuwa kwaya Jumapili iliyopita. Tusimwombee awe mwaminifu tu. Tumfundishe tangu kwenye kamati ya ujenzi ya kanisa lake: saruji inunuliwe kwa bei zilizolinganishwa, mzee wa kanisa asiuze mchanga wake kwa kamati anayoiongoza, na risiti zisomwe mbele ya washirika wote. Aliyezoea hayo kanisani hatashangaa akidaiwa hayo wizarani.

Na siku kiongozi atakapotajwa tena pale Dodoma, tusishangilie kuondoka kwake kana kwamba kazi imekwisha. Tudai asikilizwe, ahukumiwe kwa ushahidi, na kilichoibwa kirudi. Akiwa hana hatia, tuwe wa kwanza kumrudishia jina lake. Akiwa na hatia, tumtembelee gerezani, kwa maana Bwana ametuagiza hilo pia.