Kinna

Kinna ni mji mdogo wa Kaunti ya Isiolo, Kenya, mashariki ya mji wa Isiolo, pale miteremko ya milima ya Nyambene inapoishia na nyanda kavu zinapoanza. Kusini mwake zipo Mbuga ya Kitaifa ya Meru, iliyotangazwa mwaka 1966, na Hifadhi ya Bisanadi. Wadi inayobeba jina la mji imo katika eneo bunge la Isiolo Kusini, pamoja na wadi za Garbatulla na Sericho. Wakazi wengi ni Waborana, Waislamu wanaofuga ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo.

Ramani humwonyesha msomaji mji wenye mashamba na malisho pembeni yake. Ukweli ni kinyume, kwani malisho ndiyo yaliyouzaa mji na ndiyo yanayoulisha. Waborana wa Waso, yaani wa Isiolo, hugawa nchi yao katika maeneo yaitwayo dedha. Katika kila dedha, wazee, yaani jarsa dedha, huamua malisho yapi yatumike wakati wa mvua, yapi wakati wa kiangazi na yapi yawekwe akiba ya ukame. Visima navyo vina msimamizi wake, aba herega, anayepanga zamu za kunywesha. Mifugo inayouzwa Kinna hunona au kukonda kulingana na maamuzi hayo.

Wapo watakaosema kwamba kilimo cha umwagiliaji, kama kile cha Rapsu katika wadi ya Kinna, kinaonyesha ufugaji unafifia. Historia haiungi mkono hoja hiyo moja kwa moja. Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, kati ya serikali na waasi waliotaka kujiunga na Somalia, viliwapokonya Waborana wa Isiolo mifugo mingi na kuwakusanya vijijini. Wengi walishika jembe kwa kufilisika, na waliopata uwezo walinunua mifugo tena. Shamba likawa nguzo ya pili ya maisha. Hoja nzito zaidi ni kwamba wazee hawana tena nguvu mbele ya serikali, mbuga na wafugaji wageni wenye silaha. Ni kweli nguvu hizo zimepungua, lakini Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 imefungua njia ya kuzisajili ardhi za jamii na kuzisimamia kisheria. Mpango wowote wa kuendeleza Kinna usioanza na dedha utajenga mji usio na uchumi.